The Addams Family ya Bally: pinboli ya kukaguliwa chini ya ubao kabla ya juu

Hukumu ije kwanza. The Addams Family ya mwaka 1992 inastahili nafasi ndani ya mkusanyo wowote wa pinboli, zile mashine za kurusha gololi ya chuma juu ya ubao wenye mteremko, na kwenye mashindano ni mashine ya haki, lakini sifa hizo ni za nakala iliyotunzwa. Kanuni za mchezo ni zilezile katika kila nakala. Hali ya mitambo siyo. Mashine mbili zilizotoka kiwandani pamoja zaweza leo kuwa michezo miwili tofauti kabisa. Katika moja, kiti cha umeme kinapokea gololi kila inapolengwa sawasawa na kabati la vitabu linageuka bila kusita. Katika nyingine, kiti kinaitema gololi hiyohiyo, sumaku hazivuti, na mkono unaotoka kisandukuni unarudi mtupu. Anayenunua kwa kutazama michoro ya ubavuni na kusikiliza sauti tu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ndiyo sababu mapitio haya yanakaa muda mrefu zaidi chini ya ubao.

Mbunifu wake ni Pat Lawlor. Programu iliandikwa na Larry DeMar na Mike Boon, michoro ni ya John Youssi, na muziki ni wa Chris Granner. Raul Julia na Anjelica Huston, waliocheza mume na mke kwenye filamu ya jina hilohilo, walirekodi maneno mahususi kwa ajili ya mashine, na hilo linasikika: sauti zinajibu kile kinachotokea ubaoni badala ya kurudia vipande vilivyokatwa kwingine. Mashine ilitoka Chicago kwa jina la Bally, wakati huo likitumiwa na kampuni ya WMS, na zikatengenezwa nakala 20,270. Hakuna pinboli ya zama za kielektroniki iliyoifikia. Mwaka 1994 ziliongezwa nakala 1,000 za toleo maalumu la dhahabu.

Idadi hiyo ina faida na ina mtego. Faida ni vipuri. WMS iliacha kutengeneza pinboli mwaka 1999, lakini wenye mashine hii ni wengi kiasi kwamba watengenezaji wa vipuri hawajaipa kisogo: rampu (njia za kupandia gololi), plastiki za ubaoni, seti za raba, koili (waya uliosokotwa unaovuta chuma ukipata umeme) na bodi mbadala vyote hupatikana. Medieval Madness ya 1997, yenye nakala asili 4,016 tu, haikupi uhuru huo wa kuchagua. Ukikataa nakala moja ya Addams Family, nyingine itatokea. Mtego ni kwamba nyingi zilifanya kazi ya biashara kwa miaka, usiku na mchana. Menyu ya hesabu huonyesha idadi ya michezo iliyochezwa, ila usiitegemee peke yake, kwa kuwa betri zikifa hesabu inaanza upya. Mashine inayoonyesha michezo mia chache huku kingo za mashimo zimelika hadi mbao imepoteza kumbukumbu, basi.

Tuanze na mchezo wenyewe. Ina flipa nne, yaani vikono vya kurudishia gololi juu: mbili za kawaida chini, moja juu kulia na moja ndogo juu kushoto. Ina bampa tano (vigingi vinavyoirusha gololi ikivigusa), gololi tatu, na sumaku tatu zilizofichwa chini ya ubao. Moyo wa kanuni ni jumba la vyumba 12. Kila gololi inapoingia kwenye kiti cha umeme kikiwa kimewaka, unapewa chumba kinachometameta wakati huo. Bampa zinapogongwa, chumba kinachometameta hubadilika. Kiti kikishatumika huzimika, na rampu ya katikati hukiwasha tena. Kwa hiyo mdundo wa mchezo ni kiti, rampu, kiti, rampu, na mchezaji mwenye uwezo wa kushika gololi juu ya flipa na kuituma sehemu hizo mbili kwa zamu ataona vyumba vingi kabla hajapoteza gololi ya kwanza.

Vyumba havina thamani sawa, na hapo ndipo akili inapoingia. Vitatu ni pointi za moja kwa moja: milioni 3, 6 na 9. Kimoja huandaa gololi ya ziada. Vingine ni raundi zenye kazi maalumu: Mamushka hulipa kila unachogonga, Seance hulipa kwenye rampu huku sumaku zikivuruga njia ya gololi, Hit Cousin It hudai ugonge shabaha moja iliyosimama, Raise the Dead hufanyika kwenye bampa, Fester's Tunnel Hunt hukupeleka kwenye mashimo. Ukimaliza vyote 12 unafungua Tour the Mansion. Kwa kuwa bampa ndizo zinazobadilisha chumba, mchezaji mzuri hutazama ubao kabla ya kufyatua. Ikiwa chumba kinachometameta ni milioni 3 na yuko karibu kuanzisha gololi nyingi, yaani kucheza zaidi ya moja kwa pamoja, afadhali asubiri Mamushka, kwa sababu raundi huendelea gololi nyingi zikiwa mezani na kila mguso unalipa mara mbili: kwa raundi na kwa kazi yake ya kawaida.

Njia ya gololi nyingi inapita kwenye kabati la vitabu. Unaligonga hadi herufi za neno GREED zitimie, kabati linageuka, na nyuma yake linaonekana lango la chumba cha hazina ambamo gololi hufungiwa. Ya tatu ikifungiwa, zote zinaachiwa. Hapa kuna jambo ambalo pinboli nyingi za baadaye zililipoteza: ukigonga kitu, kitu chenyewe kinasogea. Hakuna haja ya kusoma skrini kujua umefika wapi. Mgeni aliyecheza dakika kumi ameshaelewa kabati linafanya nini, na mtu aliyecheza miaka kumi bado anahangaika kulipiga bila gololi kurudi katikati ya flipa.

Kasoro ya kanuni ipo. Mchezaji akishaweza kupiga kiti na rampu kwa uhakika, shabaha nyingine nyingi zinakosa sababu ya kuguswa. Twilight Zone, ambayo Lawlor aliitoa mwaka 1993, ina vitu vingi zaidi vya kufanya, ingawa sanduku lake ni pana na mitambo yake ni mingi zaidi ya kutunza. Kwa nyumba yenye mashine moja tu, Addams Family inabaki chaguo langu, kwa sababu inawaweka mezani pamoja mtoto, mgeni na mshindani bila yeyote kuchoka upesi.

Sasa chini ya ubao. Unapokagua, anza umeme ukiwa umezimwa. Fungua mlango wa sarafu, vuta lever ya kuachia upau wa mbele, toa kioo, toa gololi zote tatu, ndipo uinue ubao. Kioo kimekazwa kwa joto na kina ukubwa wa inchi 21 kwa 43. Kikigusa sakafu ngumu kwa kona husambaratika chote, kwa hiyo kisimamishe juu ya kitambaa au zulia. Tazama karatasi zinazofunika koili. Karatasi iliyogeuka kahawia au iliyokunjamana ni ushahidi wa koili iliyobaki na umeme muda mrefu, na sababu huwa ni transista (swichi ya kielektroniki inayoiwasha koili) iliyokufa kwenye bodi ikipitisha umeme daima. Ukibadilisha koili bila kubadilisha transista yake, koili mpya itaungua vilevile, pengine kabla hujafunga ubao. Pima koili kwa mita: om kadhaa ni sawa, karibu na sifuri ni mbovu. Tazama pia fyuzi. Mtu aliyechoka kubadilisha fyuzi huweka kubwa zaidi, na hapo ndipo waya na ubao huungua badala ya fyuzi. Fyuzi isiyolingana na maandishi ya kwenye bodi ni sababu tosha ya kushuku kila tengenezo lililofanywa na mkono huohuo.

Flipa ndizo zinazoamua kama mchezo una ladha. Mashine hii ndiyo ya kwanza kutumia mfumo wa Fliptronics, ambao kompyuta ndiyo inayoamuru flipa, badala ya umeme mkubwa kupita moja kwa moja kwenye kitufe. Kila koili ya flipa ina waya wa nguvu wa kupiga na waya mwembamba wa kushikilia. Swichi ya mwisho wa mwendo huiambia kompyuta flipa imefika juu, na ikiwa gololi itaigonga flipa iliyoshikiliwa na kuishusha, kompyuta huipa nguvu tena. Katika mfumo huu swichi hiyo hukaa wazi flipa ikiwa imelala na hujifunga ikiwa juu. Wengi waliozoea mashine za kabla yake, ambako mambo ni kinyume, huikunja vibaya na kuishia na flipa inayolegea inaposhikilia gololi.

Dalili ya flipa zilizochoka ni rampu ya katikati kutopandika, gololi ikifika nusu na kurudi. Usikimbilie kununua koili. Koili huchakaa mara chache; kinachochakaa ni vinavyosogea. Kwa kila flipa badilisha plunja (fimbo ya chuma inayovutwa na koili) pamoja na kiungo chake, bomba la plastiki lililo ndani ya koili, kizuizi cha mwisho, springi, na kishikio cha plastiki ambamo mhimili wa flipa hupita. Kizuizi kikishabonyea kama uyoga, plunja inaanza mbali zaidi na nguvu inapotea. Toa bomba la zamani taratibu. Likigoma kutoka, koili iliwahi kuchemka na hapo ndipo inafaa kubadilishwa. Unapokaza mkono wa mhimili, acha flipa iwe na uchezeo wa juu-chini wa karibu milimita 0.8. Ukiibana kabisa itasuguana na kurudi polepole. Ukiilegeza sana itakwaruza ubao. Fanya flipa zote mbili za chini kwa siku moja, kwa sababu moja mpya na moja ya zamani hukupa mashine yenye mikono miwili ya nguvu tofauti, na hakuna mchezaji anayeweza kuizoea.

Kiti cha umeme kinastahili uangalizi wa pekee, kwa kuwa mchezo mzima unakirudia. Mdomo wa shimo ukipigwa maelfu ya mara, rangi hutoka, kisha mbao hupukutika, kisha gololi inaanza kuruka badala ya kuzama. Pitisha kidole ukingoni: ukisikia mbao, weka kinga ya chuma kabla uharibifu haujaenda mbali, lakini kwanza jaza sehemu iliyolika kwa gundi ya epoksi na uisugue iwe sawa, maana kinga iliyowekwa juu ya shimo lililobonyea hubonyea nalo. Kinga yenyewe isiinuke juu ya ubao hata kidogo upande gololi inakoingilia. Halafu kagua bamba la nyuma linalosimamisha gololi. Skrubu zake zikilegea, bamba hutikisika na gololi iliyolengwa vizuri hurudi kwa kasi kuelekea njia za nje, zile za pembeni ambako gololi hupotea. Hii ndiyo kasoro inayolalamikiwa zaidi kwenye kiti, na mara nyingi dawa yake ni bisibisi na dakika tano. Ukaguzi uleule ufanyie shimo liitwalo kinamasi (Swamp) upande wa kulia na shimo ambalo mkono huchukulia gololi.

Gololi inapofyatuliwa kutoka mashimoni inapaswa kufika kwenye flipa kwa njia ileile kila mara. Ikiwa inakuja mara hapa mara pale, tafuta mkono wa koili uliopinda au kizuizi kilicholegea. Ikiwa inakuja ileile lakini katikati ya flipa, tatizo ni usawa wa mashine, na tutalifikia.

Sumaku tatu ndizo zinazoipa mashine tabia yake. Zinawashwa wakati wa Seance na wakati wa gololi nyingi, na gololi inayokwenda wima hugeuka ghafla bila sababu inayoonekana. Kuzikagua si kazi: ingia kwenye menyu ya majaribio ya koili, washa kila moja peke yake, na usogeze gololi juu ya ubao kwa kidole. Utasikia mvuto au hutausikia. Isiyovuta huwa imekatika fyuzi au waya. Inayovuta bila kuagizwa ina transista iliyokufa, na hiyo zima mashine papo hapo, kwa kuwa sumaku huchemka kwa kasi na ubao ulio juu yake hauwezi kubadilishwa kwa bisibisi.

Kuna athari moja ambayo wanunuzi wapya hawaitarajii: sumaku hizi, pamoja na ile iliyo kwenye mkono, hugeuza gololi zenyewe kuwa sumaku. Gololi hizo hushikana kwenye mfereji wa chini, zikatoka mbili kwa pamoja au isitoke hata moja, na mtu akaanza kutafuta hitilafu kwenye swichi. Jaribio ni hili: weka gololi mbili juu ya meza, gusanisha, kisha vuta moja polepole. Ya pili ikifuata, tupa zote tatu. Kipimo ni milimita 27 na uzito wa karibu gramu 80. Ya chuma laini hubeba sumaku kidogo kuliko ile inayong'aa kama kioo. Katika mashine hii gololi ni kitu cha kubadilishwa mara kwa mara kama raba, na gololi iliyokwaruzika huusugua ubao kila inapopita.

Mkono unaoitwa Thing ndio kitu kila mtu anachotaka kukiona, na ndio wenye maisha magumu. Unainuka kisandukuni, unanyakua gololi kwa sumaku, unairudisha chini. Waya za sumaku hiyo hujikunja kila mkono unapotembea, na baada ya miaka shaba hukatika ndani ya ganda ilhali nje hapaonekani kitu. Mkono unaoshika gololi wakati mwingine na kuiacha wakati mwingine, shuku waya kabla ya sumaku. Unapozibadilisha tumia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, uuachie kitanzi cha kutosha, na uufunge mahali ambapo hautasuguana na kisanduku.

Kabati la vitabu huzungushwa na mota, na mashine hutambua mahali lilipo kwa vihisi vya nafasi. Menyu ina jaribio lake mahususi; liendeshe mara kadhaa mfululizo, si mara moja. Kabati linalosita katikati huwa na uchafu au mafuta yaliyoganda. Hapa pinboli haina rafiki mbaya kuliko mafuta ya kunyunyizia. Safisha kwa spiriti, kausha, na usiongeze mafuta kwenye plastiki wala kwenye koili yoyote, kwani huvuta vumbi na kuwa gundi.

Bodi za umeme ziko kwenye kichwa cha mashine. Jambo la kwanza kutazama, kabla hata ya kuwasha, ni betri tatu za AA kwenye bodi ya kompyuta. Zikivuja, maji yake hula njia za shaba chini yake na kuua saketi za swichi, na hapo utaona safu nzima ya swichi imekufa kwa pamoja. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, toa betri, safisha kwa siki kwa sababu uvujaji wa betri hizi ni wa alkali, suuza kwa spiriti, kisha kagua kila njia kwa mita. Ikiwa bodi bado ni safi, usingoje. Hamishia kibebeo cha betri mbali kwa waya, au weka kumbukumbu isiyohitaji betri mahali pa chipu ya U8. Chipu hiyo ina miguu 28 na mara nyingi imelehemiwa, hivyo kama hujawahi kutoa chipu bila kung'oa vipande vya shaba, mpe anayejua. Kibebeo cha mbali hutosha kabisa.

Hitilafu ya pili maarufu ni mashine kujizima na kuwaka upya flipa zote zikibonyezwa. Volti 5 za kompyuta zinashuka kwa muda mfupi na mlinzi wa bodi anaianzisha upya. Pima kwenye sehemu ya kupimia TP2 ya bodi ya umeme: ukipata chini kidogo ya 5 mashine ikiwa imetulia, itaanguka ikifanya kazi. Washukiwa ni rektifaya BR2, kapasita C5, na lehemu zilizopasuka kwenye viunganishi kati ya bodi ya umeme na bodi ya kompyuta. Gusa viunganishi kwanza. Mara nyingi tatizo ni lehemu iliyochoka, na kubadilisha kapasita nzima ni kupoteza siku.

Taa za kawaida za ubaoni zina balaa lake. Balbu namba 44 moja hunywa miliampia 250, na zikiwa nyingi mkondo wote unapita kwenye pini chache za viunganishi J115, J120 na J121. Pini huchemka, plastiki inageuka kahawia, hatimaye nyeusi, na safu ya taa inazimika. Badilisha pande zote mbili, pini za bodini na vishikio vya waya. Upande mmoja mpya ukikutana na mwingine ulioungua, joto hurudi. Kuhamia LED hupunguza mzigo huo sana na ni jambo ninalolipendekeza, ila kwa kiasi. Mashine hii hupunguza na kuongeza mwanga wa taa hizo wakati wa mchezo, na LED za hali ya chini humetameta vibaya zinapofifishwa. Chagua zilizotengenezwa kuzuia hilo, tena za mwanga wa njano iliyopoa. LED za buluu kali huua rangi za Youssi, na jumba la giza linageuka duka la simu.

Skrini ya nukta 128 kwa 32 ni ya gesi yenye volti kubwa. Ikianza kukosa mistari au kuvuma kwa kelele, inakaribia mwisho. Ya LED huingia mahali pake na kupunguza mzigo kwenye bodi inayoilisha.

Baada ya matengenezo, usawazishaji. Weka pima maji juu ya ubao wenyewe, si juu ya kioo wala kingo za sanduku, kwa kuwa ubao na sanduku havilingani kila mara. Upande kwa upande uwe sifuri. Mteremko uwe karibu nyuzi 6.5. Watu huushusha ili mchezo uwe rahisi, na katika mashine hii wanapata kinyume: gololi inayotambaa polepole hukaa muda mrefu juu ya sumaku na huyumba zaidi, kisha inaingia njia za nje bila kuokoleka. Mteremko sahihi hufanya sumaku ziwe bughudha badala ya bahati nasibu. Safisha ubao, paka nta ya carnauba tabaka jembamba, futa hadi kitambaa kiteleze. Rudia raba zikianza kuacha unga mweusi.

Kwa kusafirisha, mashine ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Fungua kichwa, kilaze mbele juu ya blanketi, kifunge kamba, kisha toa miguu: boliti mbili kila mguu, spana ya inchi 5/8. Gololi zitolewe kabla ya safari. Gololi tatu zikirukaruka ndani ya sanduku huvunja plastiki ambazo ulikuja kuzilipia.

Kuna alama moja ndogo ambayo muuzaji mwenye haraka hupenda usiione: nukta baada ya neno la kredito kwenye skrini. Inamaanisha kompyuta imegundua hitilafu, kwa mfano swichi ambayo zimepita gololi nyingi mfululizo bila kuiona ikiguswa. Bonyeza kitufe cha Enter kilicho ndani ya mlango wa sarafu, soma ripoti, halafu thibitisha kwenye jaribio la swichi kwa kugusa kila moja kwa gololi. Nukta peke yake si sababu ya kuikataa mashine. Muuzaji asiyekubali ufungue menyu ni sababu.

Kwa mashindano, zima gololi za ziada kwenye mipangilio, la sivyo chumba kimoja tu kitarefusha mchezo wa mtu mmoja huku foleni ikisubiri. Kaza pendulamu ya tilti, inayokatisha gololi mashine ikisukumwa kupita kiasi, kwa namna kwamba kusukuma kwa mkono mmoja kunapita na kupiga kwa nyonga hakupiti, na punguza maonyo. Nguzo za njia za nje ziwe zimesogezwa kiasi kilekile pande zote mbili. Ukiifungua njia ya kushoto na kufunga ya kulia, unaadhibu watu kwa njia ambayo kiti hurudisha gololi. Raba za flipa zibadilishwe siku moja kabla, si asubuhi yenyewe, kwani mpya kabisa hurusha gololi kuliko zilizochezwa saa chache.

Kisha kuna Thing Flips, na waandaaji wengi huisahau. Ni ule wakati ambapo mashine yenyewe hupiga flipa ndogo ya juu kushoto kujaribu kuipeleka gololi kwenye kinamasi, na mchezaji hutakiwa kuachia kitufe chake. Programu hukumbuka ilipokosa na kusogeza muda wa kupiga mbele au nyuma hadi ipate. Ukikarabati flipa hiyo, au ukibadilisha mteremko, vipimo ilivyojifunza havifai tena na itakosa mara nyingi mfululizo. Iache mashine ichezwe michezo ya kutosha kabla ya raundi ya kwanza, la sivyo wachezaji wa mwanzo ndio watakaoifundisha kwa pointi zao.